Sura ya Tano: Chuma Kinachofunga Magurudumu Mawili

Mwaka 1885 mama mmoja Mwingereza, Annie Hore, alifika Ujiji kutoka pwani akiwa na kiti cha magurudumu. Mumewe, Edward Hore, baharia aliyetumwa na London Missionary Society, alikuwa amekwisha kulizoea Ziwa Tanganyika tangu 1878, na safari hii alimleta mkewe na mtoto wao mdogo. Kiti chenyewe kilikuwa cha aina iliyotumika Uingereza kuwasukuma wagonjwa kwenye vijia vya bustani. Huku kwetu magurudumu yake hayakupata kazi kubwa: sehemu kubwa ya njia kilibebwa na wapagazi. Mwaka uliofuata mama huyo alitoa kitabu kuhusu safari hiyo, na kiti kikatajwa hadi kwenye jina la kitabu.

Sababu ya kukibeba si ngumu kuielewa. Njia ya msafara ilichongwa na nyayo, na miguu ya wapagazi haikufungwa pamoja. Mmoja akiingia shimoni, goti lake linanyooka na mabega yanabaki palepale. Mwenzake wa upande wa pili anaendelea na hatua zake. Kiti chenye magurudumu mawili kwenye ekseli moja hakina goti. Gurudumu la kushoto likipanda jiwe, aliyekalia analala kulia.

Gari la leo limepewa magoti. Kila gurudumu lina springi ya kulishusha na kulipandisha, na shokapu ya kulizuia lisiruke ovyo. Lakini ukilala chini ya karibu gari lolote linalopanda kutoka Kigoma kwenda Kasulu, utakuta pia chuma kimoja kilichopita upande hadi upande, kikiyafunga tena magurudumu ambayo springi zimeyaachia. Gereji zetu zinakiita stabilaiza. Sura hii inaeleza kwa nini mhandisi aliyetumia jasho kuyaachanisha magurudumu alirudi kuyafunga, na kwa nini mkoani Kigoma jibu la swali “niiweke au niitoe?” hubadilika kabla hujamaliza siku moja ya safari.

Kazi ya chuma hiki

Chukua chuma cha springi cha mviringo, unene wa kidole gumba, ukipinde mara mbili kipate umbo la herufi U pana. Sehemu ndefu ya katikati inalala kwa upana wa gari na kushikwa na bushi mbili za mpira kwenye chasisi. Ncha mbili za U zinaungwa kwa linki fupi na mikono inayobeba magurudumu, moja kushoto na moja kulia. Hapana injini wala mafuta, na hapana nyaya.

Magurudumu yote mawili yakipanda tuta pamoja, ncha zote zinapanda pamoja. Chuma kinazunguka tu ndani ya bushi zake na dereva hajui kama kipo. Gurudumu moja likipanda na mwenzake akabaki chini, ncha moja inainuka na nyingine inakataa, na chuma kinasokotwa kama kanga inayokamuliwa. Chuma cha springi kikisokotwa kinataka kurudi kilivyokuwa. Katika kurudi, kinalisukuma chini gurudumu lililopanda na wakati huohuo kinalivuta juu lililobaki. Kazi yake yote ni hiyo moja: kupinga tofauti ya kimo kati ya gurudumu la kushoto na la kulia.

Hati ya kwanza ya kulinda ubunifu huu ilitolewa tarehe 22 Aprili 1919 kwa Stephen Coleman wa Fredericton, New Brunswick, nchini Kanada. Wakati huo mzigo wa Kigoma ulikuwa ukitegemea meli na reli, na reli yenyewe ilikuwa imefika ufukweni miaka mitano tu nyuma, mwaka 1914. Gari lilikuwa bado halijawa na neno hapa.

Kona ndiyo iliyokileta chuma hiki. Dereva akikata kulia, matairi yanavutwa kulia na ardhi, huku mwili wa gari ukitaka kuendelea ulikokuwa ukienda. Kwa kuwa uzito wa gari umekaa juu ya ardhi, mwili unainama kushoto: springi za kushoto zinabonyea, za kulia zinanyooka. Gurudumu la kushoto limepanda kwa kulinganisha na mwili, la kulia limeshuka. Hiyo ni tofauti ya kimo, na stabilaiza inaipinga. Gari linainama kidogo zaidi, usukani unajibu mapema, na abiria wa siti ya nyuma hawalaliani.

Uzito hauondoki, unahamia

Hapa ndipo watu wengi, wakiwemo mafundi wazuri, wanapokosea hesabu. Wanadhani kwamba gari likiinama kidogo, basi uzito mdogo zaidi umehamia kwenye matairi ya nje ya kona. Si hivyo. Uzito unaohama hupatikana kwa kuzidisha uzito wa gari, ukali wa kona na kimo cha kitovu cha uzito, kisha kugawanya kwa upana kati ya matairi ya kushoto na ya kulia. Tazama kisichokuwemo: springi hazimo, na stabilaiza haimo. Ukiacha kiasi kidogo kinachoongezwa na mwili wenyewe kulala upande, uzito utahama uleule hata ukifunga chuma kinene kama mguu wa kitanda.

Stabilaiza inaamua jambo jingine, nalo ni kubwa: uzito huo uhamie zaidi kupitia magurudumu ya mbele au ya nyuma. Ekseli iliyofungwa chuma kikali zaidi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uhamisho. Na tairi lina tabia moja isiyo na huruma: likibebeshwa mzigo maradufu, mshiko wake ardhini unaongezeka, lakini hauwi maradufu. Kwa hiyo ekseli ambayo tairi lake la nje limeelemewa na la ndani limepunguziwa mzigo inapoteza mshiko kwa jumla. Ukikaza chuma cha mbele, pua ya gari inakuwa ya kwanza kuteleza. Unageuza usukani na gari linataka kwenda moja kwa moja. Ukikaza cha nyuma, mkia ndio unaotoka.

Watengenezaji wa magari ya abiria karibu wote wanataka pua iteleze kwanza. Dereva aliyeshtuka huachia mafuta na kuzidi kukunja usukani, na gari la aina hiyo linapungua mwendo bila kuzunguka. Ndiyo maana ni kawaida kukuta stabilaiza nene mbele, na nyuma chuma chembamba au hakuna kabisa. Sasa fikiria gari lenye vyuma vyote viwili ambalo linki za mbele zimekatika, fundi akazitoa na kumwambia mwenye gari kwamba halina shida. Kwa mwendo wa mjini ni kweli. Katika kona ya mteremko, siku ya mvua, gari hilo limehamishiwa udhaifu kutoka puani kwenda mkiani, na dereva wake hana habari.

Kuinama, vilevile, si sawa na kupinduka. Citroën 2CV, gari dogo la Kifaransa lililoonyeshwa Paris mwaka 1948, lilikusudiwa wakulima wa njia mbovu. Lilikuwa na springi laini zenye safari ndefu na halikuwa na stabilaiza. Katika kona lililala upande hadi watazamaji wakadhani linaanguka, lakini kulipindua ilikuwa kazi, kwa sababu injini yake ndogo na karibu uzito wake wote ulikaa chini.

Kinachopindua ni uwiano kati ya upana na kimo. Tuchukue gari la kilo 2,000 ambalo kitovu cha uzito wake kiko sm 70 kutoka ardhini, na upana kati ya matairi ni sm 150. Nusu ya upana ni 75. Gawanya kwa 70 upate 1.07. Maana yake ni kwamba nguvu ya kona lazima izidi uzito wa gari lenyewe kidogo ndipo lipinduke. Lami kavu na tairi la kawaida hutoa mshiko wa kama 0.8 hadi 0.9. Basi gari hili likizidishiwa mwendo litateleza kabla ya kupinduka, na kuteleza kuna nafuu.

Sasa weka juu ya keria madumu 16 ya lita 20 ya mawese. Ni kilo 300 hivi, zikiwa mita 2.1 kutoka ardhini. Kitovu cha uzito kinapanda hadi sm 88, na uwiano unashuka hadi 0.85. Gari limeingia ndani ya uwezo wa mshiko wa lami: linaweza kupinduka kabla halijateleza. Stabilaiza haikuguswa na hesabu haikuihitaji. Ubaya zaidi ni kwamba stabilaiza nzuri inamnyima dereva onyo. Gari lisiloinama halimwambii mtu kiunoni kwamba amekaribia mpaka.

Milimita chache

Ukali wa chuma kinachosokotwa unafuata kipeo cha nne cha kipenyo chake. Ndiyo maana tofauti isiyoonekana kwa jicho huhisiwa na usukani. Badilisha chuma cha mm 25 kwa cha mm 28, ongezeko la mm 3 tu, na ukali unapanda kwa asilimia 57. Toka mm 3 kwenda mm 4 kwenye kigari cha rimoti, na ukali unazidi mara tatu.

Urefu nao una neno. Sehemu ya katikati ikiwa ndefu, chuma kinakuwa laini zaidi. Mikono ya U ikiwa mifupi, chuma kinakuwa kikali zaidi, tena kwa kasi: ukipunguza mkono kwa nusu, ukali unakuwa mara nne. Hii ndiyo sababu baadhi ya stabilaiza zina matundu mawili au matatu kwenye kila mkono. Kuhamisha linki tundu moja ni kubadili chuma bila kununua kingine.

Darasa la kilo kumi

Hayo yote ni rahisi kuyaandika na vigumu kuyajaribu. Hakuna mwenye Hiace atakayekuachia umtolee stabilaiza ya mbele, kisha ya nyuma, kisha zote, ili tu uone itakavyokuwa. Wanaojaribu hivyo kila wikendi ni wapenzi wa magari makubwa ya rimoti, hasa Ulaya na Marekani, na walichojifunza kinatufaa.

Tunazungumzia magari ya kipimo cha moja kwa tano, ambayo mtoto hawezi kuyabeba kwa mkono mmoja. HPI Baja 5B, iliyotoka katikati ya muongo wa 2000, ilikuwa na urefu wa sm 80 hivi, uzito wa kama kilo 10 na injini ndogo ya petroli ya aina inayokaribiana na ya msumeno wa mbao. Jina lake linatokana na mbio za jangwani za Baja California, Meksiko, ambako Baja 1000 ilianza mwaka 1967. Losi ya Marekani ilitoa 5IVE-T inayovuta kwa magurudumu yote manne. Traxxas ya Texas ilitoa X-Maxx mwaka 2015, inayoendeshwa kwa betri. Ulaya, shirikisho la EFRA lina mashindano ya daraja hili. Magari mengi ya aina hii huja na stabilaiza, au stabilaiza huuzwa kando, fito za unene mbalimbali ndani ya pakiti moja, kila moja na rangi au alama yake.

Je, kigari kama hicho kinasema kweli kuhusu gari kubwa? Swali hili lilijibiwa kwanza na watu wa meli. William Froude, mhandisi wa Uingereza, alijenga tangi la majaribio huko Torquay katika miaka ya mwanzo ya 1870, akavuta humo sanamu ndogo za meli ili kujua jahazi kamili litakavyosukumana na maji. Kanuni yake ni kwamba mwendo haupunguzwi sawa na urefu. Unapunguzwa kwa kipeuo cha pili cha kipimo. Kwa kipimo cha moja kwa tano, gawanya mwendo kwa 2.24. Kigari kinachokimbia kilomita 60 kwa saa kinakabili kona zake kama gari kamili la kilomita 134 kwa saa.

Kuhusu kupinduka, kigari ni shahidi mwaminifu. Uwiano wa nusu upana kwa kimo haujali udogo, kwa hiyo 1.07 ni 1.07 mezani na barabarani. Kinachobadilika ni muda. Kuinama kunakochukua sekunde moja kwenye gari kubwa, kwenye kigari kunakwisha kabla ya nusu sekunde. Tena dereva wake amesimama pembeni na rimoti mkononi. Hana kiti cha kumwambia lolote. Kwake stabilaiza ni njia ya kukifanya kigari kimjibu mapema, kwa sababu yeye atajua kosa kwa macho tu, na macho huchelewa.

Kuhusu ardhi, hata hivyo, kigari kinaonewa. Jiwe la sm 10 barabarani halipungui kwa sababu gari limepunguzwa. Kwa kipimo cha moja kwa tano, jiwe hilo ni mwamba wa nusu mita. Watoto wa Ujiji, kama wenzao wa Tanzania nzima, wanaounda magari ya waya yenye magurudumu ya ndala zilizochakaa, wanalijua hili: ekseli ya waya mmoja inafanya gari lirukeruke kwenye vijiwe ambavyo mguu haukuviona. Hii ndiyo sababu moja ya mashabiki kuhama kutoka vigari vya moja kwa kumi kwenda vya moja kwa tano. Gari likiwa kubwa, uwanja uleule unakuwa laini zaidi. Na ndiyo sababu ufito unaofaa kwenye lami ni mateso kwenye uwanja wa mawe.

Utaratibu wao wa kupima unastahili kuigwa na gereji yoyote. Wanaanza bila stabilaiza kabisa, wanarekebisha springi na mafuta ya shokapu hadi kigari kitulie kwenye mabonde. Kisha wanafunga ufito mwembamba mbele tu au nyuma tu, wanakimbiza, wanasikiliza. Pua ikikataa kona, wanapunguza mbele au kuongeza nyuma. Mkia ukitoka, wanafanya kinyume. Hawabadili vitu viwili kwa pamoja. Kabla ya yote wanainua kigari, wananyanyua gurudumu la kushoto polepole na kutazama la kulia linaanza kupanda wakati gani. Kisha wanageuza upande. Pande zote lazima zianze sawa. Zisipoanza sawa, linki moja ni ndefu kuliko nyingine, na kigari kitakata kona ya kushoto vizuri na ya kulia vibaya huku mwenyewe akilaumu matairi.

Barabara tatu

Mkoa wa Kigoma unafaa kuwa uwanja wa somo hili kwa sababu aina tatu za ardhi zimekaribiana.

Ya kwanza ni lami. Ukitoka mjini kupitia Mwandiga, barabara inayokwenda Manyovu mpakani na Burundi inaacha ziwa lililo kwenye kimo cha kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, inapanda milima kwa kona zinazofuatana. Lami inashika, mwendo ni mkubwa, na uso wa barabara hauna tofauti kubwa kati ya kushoto na kulia. Hapa stabilaiza inalipa. Kona ya kushoto ikifuatwa mara moja na ya kulia, gari lisilo na chuma hiki linalala upande mmoja, linachelewa kurudi, na linaingia kona ya pili likiwa bado linamalizia ya kwanza. Kigari cha rimoti kwenye lami kinaonyesha jambo hilohilo kwa ukali zaidi, hasa kikiwa na matairi laini: bila ufito, tairi la nje linang'ata, mwili unaanguka juu ya springi zake, na kigari kinapiga kichwa chini kabla dereva hajaachia kidole. Ufito mnene unachelewesha hilo. Lakini tairi likishika kuliko uwiano wa upana na kimo unavyoruhusu, dawa ni kushusha kigari, kupanua magurudumu au kuweka matairi yasiyong'ata sana.

Ya pili ni udongo mwekundu, kama njia za kusini kupitia Ilagala, unakouvuka mto Malagarasi, hadi Kalya upande wa milima ya Mahale. Udongo huu una sura mbili. Kiangazi unakauka na kuwa mgumu, magari yanaukwangua hadi unapata mikunjo ya kukata barabara kwa upana. Watu huilaumu stabilaiza kwa mtetemo wa mikunjo hiyo, na mara nyingi wanaionea. Mkunjo unaokata barabara yote unapandisha magurudumu mawili kwa pamoja, na chuma kinazunguka tu. Kinachotetemesha ni upepo mwingi kwenye matairi, springi ngumu na shokapu zilizochoka. Kile ambacho mikunjo inaweza kukifanya kwa stabilaiza ni kuzila bushi na linki zake.

Masika sura inabadilika. Maji yanachimba makorongo ya mshazari, malori yanaacha mifereji mirefu, na gari linavuka likiwa gurudumu la mbele kulia liko juu na la nyuma kushoto liko juu, mengine mawili yakining'inia. Hapa ndipo chuma kinapodai gharama yake. Gurudumu linalotakiwa kushuka shimoni linavutwa juu na mwenzake, linabaki hewani. Difu ya kawaida, inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya ekseli, huipeleka kwenye gurudumu lisilo na kazi, na lile la hewani linazunguka huku gari limesimama. Dereva anasema gari halina nguvu. Nguvu ipo; kilichokosekana ni gurudumu kugusa ardhi.

Ya tatu ni mchanga wa ufukweni, Kibirizi zinakoanzia boti za Gombe, au upande wa Bangwe. Mchanga haushiki sana, kwa hiyo nguvu ya kona ni ndogo na gari haliinami vya kutosha kukisokota chuma. Stabilaiza haina kazi kubwa hapa. Kwa kigari chenye nguvu nyuma, ufito wa kwanza kutolewa mchangani ni wa nyuma, ili magurudumu yote mawili yagawane uzito na mkia upate kusukuma. Hatari ya mchanga ni nyingine: kigari kinachoteleza ubavu, tairi lake la nje linachimba, linajikwaa, na kigari kinapinduka kwa mwendo mdogo. Hakuna ufito unaozuia kujikwaa.

Ukiziweka barabara tatu pamoja unaona kwamba stabilaiza ni mkopo. Inakupa wima kwenye kona na kukukata uhuru wa magurudumu kwenye makorongo, na riba inategemea ulipo. Anayeishi kwenye lami hatasikia riba hiyo. Anayekwenda Kalya masika atailipa kila siku.

Wanaofungua na kufunga

Wahandisi wameuona mvutano huu na kujaribu kuukwepa. Njia nyepesi ni kuweka chuma kinachoweza kuachiwa. Jeep Wrangler ya toleo la Rubicon, tangu mfululizo ulioanza na gari la mwaka 2007, ina kitufe cha kukitenganisha chuma cha mbele katikati. Dereva anabonyeza akifika kwenye mawe, magurudumu yanakuwa huru. Mwendo ukizidi kama kilomita 29 kwa saa, chuma kinajifunga chenyewe, kwa sababu mtu aliyetoka kwenye matope akasahau kitufe ni hatari lamini.

Njia ya pili ilianzia Australia Magharibi, kwa kampuni iliyoitwa Kinetic. Wao waliziunga stabilaiza za mbele na za nyuma kwa mabomba ya mafuta. Kwenye kona, magurudumu yote ya upande mmoja yanabonyea pamoja, mafuta yanakosa pa kwenda, na vyuma vyote viwili vinakaza. Kwenye korongo la mshazari, gurudumu la mbele la upande mmoja linapanda wakati la nyuma la upande huohuo linashuka. Mafuta yanapita kutoka bomba moja kwenda jingine na vyuma vinalegea. Hakuna kompyuta inayohitajika kutofautisha kona na shimo, umbo la barabara lenyewe ndilo linalofungua. Toyota iliuchukua mfumo huo kwa jina la KDSS, na baadhi ya mashangingi ya Land Cruiser 200, yaliyotoka kuanzia 2007, yanao.

Land Cruiser ya mfululizo wa 70 iliyojaa kwenye njia za kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996, haina ujanja huo. Ina ekseli nzima mbele na nyuma, springi za majani nyuma, na inategemea safari ndefu ya ekseli na dereva mwenye subira. Chuma kisichofunguka kina sifa moja ambayo mabomba ya mafuta hayana: fundi wa Kasulu anaweza kukitengeneza kwa spana mbili.

Cha kumuuliza fundi

Stabilaiza huharibika kwa utaratibu unaotabirika. Chuma chenyewe hukatika mara chache. Linki na bushi huenda kwanza. Dalili ni mlio wa kugonga mbele, hasa kwa mwendo mdogo kwenye mashimo yasiyolingana kushoto na kulia. Ukipita tuta la upana wote na mlio ukanyamaza, kisha ukapanda ukingo kwa gurudumu moja na mlio ukarudi, kwanza tazama linki. Na linki moja ikikatika, usidhani umebakiwa na nusu ya kazi. Chuma kilichoshikwa upande mmoja hakina cha kusokotwa nacho. Kazi yote imekwisha.

Fundi akipendekeza kuitoa, usikatae wala usikubali haraka. Muulize ni ya mbele au ya nyuma. Ikitoka ya mbele na ya nyuma ikabaki, umenunua gari la kutoa mkia. Ikiwa gari ni la kupanda makorongo tu, kwa mwendo wa kutembea, kuitoa kuna faida, mradi usirudi nalo lami kwa kilomita 100 kwa saa. Na akipendekeza kuweka nene zaidi kwa sababu gari linalala, muulize kwanza kwa nini linalala. Springi zilizochoka, shokapu zilizomwaga mafuta na upepo mdogo kwenye matairi vyote vinalaza gari, na chuma kinene kitaficha ugonjwa bila kuuponya.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi uwe huu. Shusha mzigo kutoka juu. Ukague upepo na matairi. Pima springi na shokapu. Ndipo umalizie na stabilaiza, ukijua ni barabara gani unayoinunulia. Anayeanzia mwisho wa orodha atapata gari lililosimama wima vizuri kabisa, likishuka Manyovu na madumu 16 kichwani, na uwiano wake bado ni 0.85.